Msomee Yote, Mama

3 Machi

Shikamoo Mama,

Natumaini mguu umepungua kuvimba. Mimi sijambo, na tumbili wangu wa maabara hawajambo. Jana mmoja kaniibia glovu akaivaa kichwani.

Barua hii msomee mume wangu unayemuuguza huko, maadamu macho yake bado yamefungwa tangu ile ajali ya kuchomelea vyuma. Nimekutwa na klamidia, ule ugonjwa wa zinaa. Mimi sina mwingine, kwa hiyo imetoka kwake. Nimeshatibiwa. Naye atibiwe, apime na virusi vya Ukimwi. Hapa kazini tunawaambukiza tumbili majike klamidia kwanza, halafu virusi vyao vinavyofanana na vya Ukimwi. Wenye klamidia hunasa virusi upesi kuliko wenzao. Mimi ndiye ninayewashika wakichomwa sindano. Asipopima, asirudi kwangu.

Mkaza mwanao

20 Machi

Marahaba mwanangu,

Mguu unanitesa, ila haujaniua. Nimemsomea yote. Amepima, hana kitu, na dawa ya klamidia kaimaliza mbele yangu. Bandeji zimetolewa; macho yatachukua muda. Jumamosi namleta. Na hayo ya tumbili yaishe, mimi si shangazi yao.

Mama mkwe wako

11 Julai

Mama,

Leo salamu sina. Nimepima, na virusi ninavyo.

Mwanao nimemuuliza. Anasema ulimsomea kisa cha glovu, akacheka, basi. Karatasi ya majibu ya damu yake ulimsomea wewe, ukamwambia yuko safi. Vidonge ulivyompa anaamini ni vya macho. Mimi nimevitambua, ni vya virusi.

Tumbili tunawaambukiza makusudi, na kuna siku nashindwa kula. Lakini kabla hatujamgusa hata mmoja, kamati ya maadili inatuuliza kwa nini. Wewe nani alikuuliza?

Mkaza mwanao

25 Julai

Mwanangu, hujambo?

Umeuliza, nakujibu. Macho hayatarudi, daktari aliniambia tangu Februari. Mguu wangu unakatwa mwezi ujao, na mtoto mwingine sina. Ungeiona ile karatasi ungemwacha kipofu na virusi vyake, maana mwanamke mwenye mshahara hakosi mume. Sasa nani atakuchukua?

Nililia siku nilipomleta kwako. Kisha nikarudi nyumbani nikalala usingizi mzuri, wa kwanza tangu aumie.

Dawa zipo, watu wanazeeka nazo. Kidonge chake mpe baada ya chai. Akimeza tumbo likiwa tupu hutapika.

Mama yenu