Jembe Nililomnyang'anya Mama

Jumapili, saa tisa alasiri. Mawingu yamejaa upande wa Kenya lakini mvua bado inajishauri. Nami nimefungua ukurasa huu mara tatu nikaufunga, maana ninayotaka kuandika leo yananiaibisha.

Shajara yangu ya mtandaoni, unakumbuka ile picha ya mama niliyoiweka humu miaka mitatu iliyopita? Amekaa barazani kwake hapa kijijini Nyanungu, mashavu yamejaa, mikono imetulia juu ya khanga. Niliandika kwa maringo kwamba mama yangu amemaliza kulima. Wasomaji wakanipongeza. Kwetu, ukipata kazi mjini halafu mama yako bado anaonekana na jembe begani, watu wanakusema.

Basi jembe lake nililichukua mwenyewe. Alikuwa amelificha chini ya kitanda. Nikalitoa, nikaenda nalo Tarime mjini, likakaa nyuma ya kabati langu. Ng'ombe wake wawili nikamwachia kaka awakamue. Bomba nikalivuta hadi uani. Kila nikija nilibeba sukari na mkate. Dagaa na maharage nikayaita chakula cha shida.

Mama akanenepa. Nikafurahi.

Jumanne alikaa kwenye kigoda jikoni kupuliza moto, akashindwa kuinuka. Hakuwa na homa, hakuwa ameanguka. Miguu ilikataa tu. Alikaa hapo mpaka jirani yake, Mama Wankyo, alipopita kuomba chumvi.

Jana nikampeleka hospitali. Daktari, mtu wa rika langu, alimpa shikamoo, kisha akamwomba akunje mikono kifuani na ainuke kwenye kiti bila kujishika. Mama alijaribu, akacheka. Akajaribu tena. Mara ya tatu hakucheka.

Daktari alieleza taratibu, na nilimwelewa vizuri kuliko nilivyotaka. Mafuta yameongezeka, misuli imepungua, na unene ukatuficha kwamba mama anadhoofika. Misuli ndiyo inayopokea sehemu kubwa ya sukari itokayo kwenye chakula. Ikipungua na isipofanya kazi, sukari inabaki kwenye damu, na mwili unahangaika kutoa insulini nyingi ambayo haisikilizwi tena. Ziada inageuka mafuta tumboni, kwenye ini, hata ndani ya misuli yenyewe, na mafuta hayo nayo yanazidi kuidhoofisha. Umri unachangia pia, alisema, pengine ili kunipunguzia lawama.

Kisha akauliza mama alikuwa anafanya kazi gani.

"Nilikuwa nalima," mama akawahi. "Huyu hapa ndiye alinistaafisha."

Nilitazama viatu vyangu.

Mama alilala kwangu, na leo tumerudi Nyanungu pamoja, pamoja na jembe. Hatalima mara moja. Ataanza kwa kuinuka kwenye kiti, meza ikiwa karibu, mara chache kila siku, halafu bustani ndogo ya mchicha nyuma ya nyumba. Maharage, dagaa na mayai vinarudi sahanini. Sukari nimeiacha mjini, na chai ya kwanza ameinywa akiwa amekunja uso.

Nilipompa jembe alilitikisa. Chuma kilikuwa kinacheza kwenye mpini.

"Ona sasa, Bhoke. Umelikausha."

Mimi ndiye niliyelia. Aliniagiza beseni la maji, tukaliloweka ili mti uvimbe na kukaza. Kisha akashika ukingo wa meza, akainuka. Mara nne. Ya tano ilimshinda, akaketi akihema, akaniambia niache kumtazama kama mgonjwa.

Kesho jembe litakuwa limekaza. Miguu ya mama itachukua muda wake, na daktari hakuniahidi kitu.

Ninachojiuliza ni hiki: siku atakapoinama kwenye mchicha wake, na Mama Wankyo akapita akaguna kwamba watoto wa siku hizi hawana haya, nitaweza kukaa hapa barazani nisimkimbilie kumpokea jembe?

Nitakaa. Wacha waseme.