Professeur wa Do Peke Yake

Mama Mwajuma wa kipindi cha ushauri, nakusalimu kwa heshima, na kabla sijaeleza shida yangu naomba usilitaje jina langu redioni, kwa sababu hapa Kamina nina cheo, watu wananiita Professeur, hata mama anayeniuzia unga sokoni, na cheo hicho chote kimesimama juu ya waya mmoja na kitufe kimoja, na Jumapili hii kitaanguka mbele ya kanisa zima.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi na mpiga kinanda wa kanisa letu la Methodiste. Kabla ya vita hii, ndugu wa ng'ambo walitutumia kinanda cha kisasa, na korali ikanichagua mimi kukipiga, nadhani kwa sababu ya miwani yangu, basi siku ya kukiweka wakfu nikakiwasha, nikakaa kama waziri, nikabonyeza, kimya, nikabonyeza kwa nguvu, kimya, maana kinanda chenyewe hakina sauti hata kidogo, kinatoa amri tu, sauti ziko kwenye kisanduku kingine kinachounganishwa nacho kwa waya wa MIDI, na kitabu cha maelezo kilikuwa cha Kijerumani, ambacho nilikuwa nimekisoma hadharani nikitikisa kichwa ili watu waone naelewa. Papa Ézéchias, mkubwa wa korali, akasimama akasema, "Bandugu, tufunge macho. Iko kitu inafunga hii kinanda mulomo, tuiombee." Kanisa likaomba, nami nikafungua jicho moja, nikaona nimechomeka waya kutoka tundu la OUT kwenda tundu jingine la OUT, nikauhamishia kwenye IN polepole, nikaweka mashine zote mbili kwenye chaneli ya kwanza, na waliposema Amina nikabonyeza, ogani ikanguruma, wamama wakapiga vigelegele. Tangu siku hiyo mimi ni Professeur.

Sasa sikia ujinga wenyewe. Najua kupiga kwa ufunguo wa Do peke yake. Vibonye vyeusi navigusa nikivifuta vumbi. Lakini kinanda kile kina kitufe cha transposition, unakiamuru kipandishe sauti hatua tatu na kinaipandisha chenyewe, vidole vyako vimetulia palepale kwenye Do, nikaona Mungu amenikumbuka, nikakaa nikakipangia programu, kila wimbo na namba yake, mkono wa kushoto utoe besi, wa kulia ogani, nyimbo za mi bémol, zinazotaka vibonye vyeusi, ni programu ya tatu, na korali wakiomba tushushe kidogo nakunja uso, nabonyeza, wananong'ona, "Huyu muntu alisomea wapi?" nami nafuta miwani, maana sikusomea popote.

Shida ni vita, Mama. Mazuti, hiyo dizeli, yote yanakwenda na wanajeshi, jenereta ya kanisa imenyamaza, na bila umeme kinanda changu ni ubao tu. Na Jumapili hii ni ibada ya wamama waliokimbia kutoka Manono, ambao waume na watoto wao walifia njiani wakazikwa bila kuimbiwa hata ubeti, na wanachoomba ni hicho tu, wimbo wa kuzika uimbwe kanisani, na kinanda, mara moja, nao walie vizuri. Wimbo wenyewe uko kwenye mi bémol. Nilikuwa tayari kusema pole, hakuna umeme, lakini Papa Ézéchias akacheka. "Groupe ya umeme imekufa, haina neno. Tuko na armonium ya bamisionere, na Professeur tuko naye!" Wakaitoa stoo, kinanda cha mbao cha kukanyaga kwa miguu, hakina kitufe, hakina programu, kina vibonye vyeusi vya kweli. Mifuko yake ya hewa imechoka, kwa hiyo mmoja atapiga na mwingine atakaa kando yake akanyage, na walipouliza nani atakanyaga, nilisema kazi hiyo ya miguu wapewe watoto.

Nimewaza kufunga bandeji mkononi. Nimewaza kupanda baiskeli nikimbilie Luena kwa shangazi, niseme anaumwa, ingawa shangazi ana afya kunishinda. Nimefika hata kuomba vita iishe, si kwa ajili ya amani, kwa ajili ya mazuti, Mungu anisamehe. Wa kumwomba msaada sina, yuko dada mmoja tu, Phébé, wa hao waliotoka Manono, baba yake alikuwa pasta na alimfundisha armonium, aliwahi kuniambia, umeme ukiwa bado upo, "Professeur, naweza kujaribu kidogo? Miye niko nazoea mi bémol," nikajua akiigusa mi bémol ya kweli huku programu ya tatu imewashwa itatoka sauti nyingine na siri yangu imekwisha, nikamwambia akigusa tu programu zote zitafutika, akanijibu "Eyo vidye", ndiyo bwana, kwa adabu yote ya Kiluba na kurudi kwenye mstari wa alto, lakini hayo si ya kukuchosha. Niambie tu, Mama: Luena au bandeji?

Ni mimi mwenye aibu, Professeur.

*

Mwanangu Professeur,

Nimecheka mpaka mteja niliyekuwa nampimia kitenge akauliza kuna nini. Halafu nikafika kwenye wale wamama, nikaacha kucheka.

Nianze na haki yako. Mtu aliyefungua jicho moja katikati ya maombi akazipatanisha mashine mbili, huyo si mjinga. Kupanga programu ni kazi, na uliifanya vizuri. Kujua Do tu si dhambi pia, mimi hata hiyo Do siijui. Lakini waya umeueleza kwa kirefu, kitufe umekieleza kwa kirefu, na mtu anayeweza kukuokoa umempitisha mwishoni mbiombio, ukasema hayo si ya kunichosha. Yamenichosha sana! Mpiga armonium unaye, amesimama nyuma yako kwenye alto, na umemfukuza kwa uongo. Naye ametoka Manono. Uliwahi kumwuliza ni nani wake aliyebaki njiani? Barua yako haisemi.

Unauliza Luena au bandeji. Yote mawili ni ya kuficha vidole vyako, na hakuna mama aliyetembea kutoka Manono ili aje kutazama vidole vyako.

Leo, jua likiwa bado juu, nenda kwa Phébé. Usimtume mtu. Mwambie programu hazifutiki, ulimdanganya, na wewe ni mtu wa Do. Kisha nyamaza. Akicheka, cheka naye. Akikasirika, vumilia, ana haki. Mwulize habari za watu wake, na usikilize mpaka mwisho. Ndipo umwombe apige Jumapili. Akikubali, nendeni wote wawili kwa Papa Ézéchias, na wa kusema uwe wewe.

Kuhusu jina lako, sitalitaja. Lakini nilipouliza sokoni Professeur anakaa wapi, wa kwanza kuulizwa alinionyesha mlango wako. Nikisoma barua hii redioni, mji mzima utajua ni nani, na nadhani ulilijua hilo ulipoandika, ulitaka niungame mimi kwa niaba yako. Sikubali. Ndiyo maana jibu hili nimekuletea mlangoni, na redioni nitalisoma Jumapili ikishapita, ukiwa umeshasema kwa mdomo wako.

Tena armonium inataka mtu wa kukanyaga. Usiwape watoto. Unayo miguu iliyokuwa tayari kwenda mpaka Luena, ilete hapo kando ya Phébé. Miguu haiulizwi Do wala mi bémol.

Mimi ni Mwislamu, nyimbo zenu sizijui, lakini Jumapili nitakuwa nje, chini ya dirisha la kanisa lenu. Mmoja wa wale wamama analala nyumbani kwangu. Anafagia, anapika, anawachekea wajukuu wangu, na tangu afike hajalia. Nitakuja naye, nitamfikisha mlangoni. Kanyaga, mwanangu, na hata miguu ikiwaka moto usiache hewa ikatike kabla hajamaliza kulia.

Mama Mwajuma