Ile Alama Nyekundu ya Mama

Kingi, tarehe 9 mwezi wa tano

Kaka yangu mupendwa Polycarpe,

Nakusalimia wewe, bibi yako Byukusenge na batoto wote kule Walikale. Je, ile malaria ilikuachilia? Sisi huku tungali na pumzi, na maharagi imeanza kutoa maua. Mama anaishi. Lakini uliuliza kwa nini alikaa miezi mbili Goma, na haifai nikufiche tena.

Miaka ine Mama alikuwa anawashwa pale pa siri pa mwanamuke. Ilianza na alama moja nyekundu, ndogo kama kucha, yenye magamba meupe juu. Kwa santé, kituo chetu cha afya, walimupa pomade ya kupakaa, kisha ingine. Alama ikazidi kutambaa, ikatoa maji na damu. Bamama wa kwaya wakasema iko ugonjwa wa umalaya, yeye mujane wa miaka makumi sita na saba! Wakamufukuza mu kwaya. Akawa anaimba peke yake shambani.

Goma, docteur Benoît alikata kipande kidogo, wakakipima mu labo. Akatuambia iko kansa ya ngozi yenye kuonekana mara chache sana. Inajifanya upele wa kawaida, kumbe inatembea chini ya ngozi nzima, njo maana wanakata mbali kupita pale macho inaona. Walikata. Majibu ikarudi: mu ukingo wa nyama walikata, kansa ingalimo. Wakamurudisha ku meza ya kupasulia, wakakata tena mpaka karibu na njia ya mukojo, wakatoa ngozi ku paja ya kuziba. Mama akauliza kitu gani kimebaki. Docteur akaangalia chini: «Mama, uhai njo umebaki.» Na alisema inaweza kurudia.

Docteur akauliza kwa nini tulichelewa. Mama akajibu hakuna muntu alimutuma Goma.

Kaka, walimutuma. Mwaka ule wa kwanza, infirmier Kanyamibwa, yule muuguzi wa santé, alinipa mimi karatasi ya kumupeleka Goma, sababu Mama hajui kusoma. Niliogopa iko SIDA, ule ukimwi, na kwamba familia ya Esdras, wakati ule angali muchumba wangu, watavunja harusi yetu. Nikachoma karatasi mu jiko, nikamwambia Mama aendelee na pomade. Na lile neno la umalaya, mimi njo nililisema wa kwanza, kwa mama-mukwe wangu Joséphine-Marie, ili aone siko upande wa Mama.

Juzi, nikimubadilishia bandeji, nilimuungamia yote. Hakulia. Alininyang'anya kitambaa, akajifunga mwenyewe. Tangu pale anakatala nimuguse. Jana tu aliniuliza kama Esdras ananipenda. Nikajibu ndiyo. Akasema, «Ni vizuri,» akageukia ukuta.

Nakuomba utume Byukusenge akuje. Kidonda kinataka kuoshwa kila siku, na mukono wangu Mama hautaki.

Usalimie wote wenye kutujua huko, na Mungu awalinde ku barabara.

Ni mimi mudogo wako,
Olga