Sikumpa Mji

Malambo

Mpendwa Baba,

Mimi ni mzima, ila vumbi la huku limenikausha koo. Ninyi hamjambo? Mgongo wa Mama umepata nafuu? Na maharage je, mvua imeyakuta yameshachanua? Hapa hata wingu halijapita. Maji tunayafuata mbali kwa punda, na wanafunzi wangu wengi wamehama na ng'ombe kufuata majani, kwa hiyo nafundisha madawati matupu.

Barua yako dereva wa lori amenifikishia. Niliisoma nimesimama, kisha nikaketi nikaisoma tena. Unasema Kaka Boay amekueleza kwamba nilimjibu mgeni ovyo mbele ya watu. Unanitaka nimwombe radhi kwa maandishi, na nisipoandika, utaandika wewe kwa niaba yangu. Baba, Kaka alikuwa amepeleka viazi hotelini, akachungulia mlangoni mwa ukumbi akiwa na gunia begani. Hakusikia yote. Nisikilize na mimi.

Yalikuwa mashindano ya chemsha bongo, kule ukingoni Ngorongoro, kati yetu walimu wa Malambo na wafanyakazi wa hoteli. Timu itakayoshinda ingekwenda Arusha. Upande wetu nilikuwa mimi na Mwalimu Saning'o, kijana wa Kimaasai anayefundisha hesabu. Maswali yote yalikuwa ya mafumbo. Msomaji wake, bwana mmoja aliyealikwa kutoka mjini, alitaka tufuate desturi ya vitendawili: ukishindwa, unampa mji, anautembelea kwa maneno, akirudi ndipo anakutajia jibu.

Tulianza vizuri. Aliuliza, "Bakuli haliinuliwi wala halioshwi, na wenye pembe hula humo mwaka mzima." Wale wa hoteli wakataja sufuria, wakataja hori, wakataja mpaka tumbo, na kreta yenyewe iko chini ya madirisha yao! Wakampa Mwanza huku wakicheka, naye akaenda Mwanza akala samaki wake, akarudi. Na mimi nilicheka.

Kisha akatugeukia sisi: "Wenye nyumba wamo ndani, mifugo inapita juu ya vichwa vyao, wala hawalalamiki."

Sikuhitaji hata kufikiri. Niliiona nyumba ya Babu kule Daa, ile iliyochimbwa ubavuni mwa kilima, paa lake la udongo likiungana na ardhi ya nyuma, mbuzi wakilikanyaga kana kwamba ni malisho. Nikasema, "Ni nyumba ya Wairaqw ya zamani."

"Umekosa. Nipe mji."

"Nimekosa nini?"

"Mwalimu, nipe mji."

"Sikupi. Sijashindwa."

Akaona afadhali atoe jibu bila mji, akasoma karatasi yake: "Kaburi." Halafu akanitazama akitabasamu. "Au huko kwenu, dada, mnaishi makaburini?"

Watu wakaangua kicheko. Hapo ndipo niliposimama, na haya ndiyo maneno yangu, hayakuzidi: "Baba yangu amezaliwa ndani ya nyumba hiyo. Jumapili iliyopita alitoa sadaka kanisani. Maiti hatoi sadaka."

Saning'o naye akasimama, ingawa sikumwomba. "Mheshimiwa, babu zangu walikuwa wakija usiku kuzitafuta nyumba hizo, wachukue ng'ombe. Wanasema unaweza kupita juu yake usijue. Yangekuwa makaburi, wazee wetu wasingejisumbua, wangelala kwao."

Wakacheka tena, safari hii kicheko kikamwelekea bwana yule. Akasema jibu ni lile lililo kwenye karatasi, akatupunguzia alama. Hata hivyo tuliwashinda hoteli kwa maswali yaliyofuata.

Tatizo ni kwamba Arusha nako atasoma maswali yeye. Mwalimu Mkuu akaniita. "Paskalina, andika mistari miwili tu. Na ule mji, yalikuwa maneno tu. Ungempa hata Tanga."

"Angekwenda Tanga akasimulia kwamba nimeshindwa."

"Basi hutakwenda Arusha."

"Sawa."

Ilikuwa sawa mdomoni, Baba. Nilirudi chumbani kwangu nikalia, maana nilikuwa nimeitamani sana safari ile, na hakuna kitu kingine huku kinachonifanya nijione nina akili. Saning'o alitaka kujitoa, nimemkataza. Leo asubuhi ameondoka, na kiti changu amekikalia Mwalimu Mkuu mwenyewe.

Sasa nikuambie lililo moyoni, usinikasirikie. Tangu tulipohamishiwa kijijini na kuezeka bati, sijakusikia ukiitaja nyumba ile. Nilipokuwa shule uliniambia nikiulizwa niseme tumetoka kwenye nyumba ya kawaida. Nilikutii. Lakini ulipozaliwa humo, Bibi aliwasha moto, akakuosha, akakunyonyesha, ng'ombe wakipumua kando yenu. Ningemwachia mtu aite mahali hapo kaburi, kisha nimpe na mji juu yake?

Barua ya radhi sitaiandika. Na wewe nakupigia magoti, usiiandike. Mimi kwa kutolewa kwenye timu nimekosa safari tu. Wewe ukimwomba radhi, utakuwa umemkubalia kwa mkono wako kwamba alisema kweli.

Msalimie Mama, asibebe kuni mpaka mgongo upone. Msalimie Kaka Boay, mwambie simchukii, ila siku nyingine atue gunia aingie ndani. Shangazi wa Ganako, anayeniombea kila siku nipate mume mpole, mwambie aendelee, ila amwombee na huyo mume. Katekista wetu na mkewe nawasalimu pia.

Nijibu, hata kama ni kwa kunigombeza. Nitasoma yote.

Ni mimi binti yako, niliye na kichwa kigumu kama chako,

Paskalina