Bibi Mwenzangu na Udon Yake

Don Mills, Toronto

Mdogo wangu Sakeena,

Kosa la watu wengi ni kudhani udon, zile tambi nene za Kijapani, ni chakula kimoja. Sivyo. Tokyo mchuzi wake ni mweusi kwa sosi ya soya. Osaka ni mwepesi, wa mwani na samaki mkavu, na juu huwekwa tofu tamu ya kukaanga, ile jibini ya soya. Watu wa Kagawa hujivunia tambi zenyewe, zinazokaza kidogo mdomoni.

Nimeyajua haya kupitia kwa Fumiko, mama mzazi wa mke wa mwanangu Rizwan. Ametoka Kagawa, sasa anakaa nao Unionville. Donge la unga hulifunga kwenye mfuko safi, kisha mjukuu wangu Nishat hulikanyaga kwa miguu! Zamani Jumamosi zote Nishat alikuwa kwangu, tukisukuma chapati. Siku hizi haji.

Juzi niliwatembelea. Nikasema, "Mchuzi umepauka. Viungo vimeisha dukani?"

Fumiko akacheka, akaniongezea.

Nishat akanijibu kwa Kiingereza chake, "Bibi, una wivu."

Nikakana, nikamaliza bakuli la pili.

Ukweli ni kwamba nyumba imepooza, Sakeena, na nikipiga simu mwenyewe nitaishia kugomba. Wewe ni mama mdogo wa Rizwan, hawezi kukukatalia. Mpigie leo, umwambie Jumamosi amlete Nishat kwangu, pamoja na Fumiko.

Dada yako,
Daulat