Mgeni Aliyeleta Karata za Kimya

Ibra, Jumamosi, baada ya Maghrib.

Leo baridi imeshuka sawasawa. Bibi tangu asubuhi kajifunika shali lake la sufi na hakulivua hata wakati wa chakula. Mimi nina joto, lakini si la hewa. Ni la uso. Tangu alasiri uso wangu haujapoa.

Nianze mwanzo, maana nikianzia katikati nitajichanganya mwenyewe.

Wiki iliyopita alikuja kijana kutoka mji wa pwani wa Sur kuniposa. Tunasema kijana kwa adabu tu, umri wake ni kama wangu na mimi si mtoto. Jina lake Saif. Kazi yake ni kuongoza wageni huko Ras al Jinz, kuwapeleka ufukweni kuangalia kasa wakipanda kutaga. Alikuja na baba yake. Wakanywa kahawa, wakala halwa, nikaitwa tukaonana kama ilivyo ada, wakaondoka. Baba akaniambia nifikiri, nisiharakishwe na mtu. Maskini Baba. Gari lao lilikuwa halijafika barabara kubwa, mimi jibu ninalo.

Jibu lilikuwa ndiyo.

Si kwa mapenzi. Kasoro sikumwona nayo, wala sifa. Nilikuwa nimechoka kuulizwa. Kila harusi, kila msiba, kila nikienda soko la wanawake la Jumatano, lazima atokee mtu aniulize, "Na wewe lini?" Hata kazini, nyuma ya kaunta ya dawa, mtu anapokea vidonge vya presha na kuniombea mume hapo hapo. Nilishakataa watu wawili, na kila nikikataa maswali huzidi. Nikaona nikubali, nimalize kelele.

Sasa lazima nieleze tabia yetu moja mbaya.

Sisi familia zilizorudi huku nchi ya Waarabu kutoka Unguja, Kiswahili tunakifanya pazia. Akija mgeni asiyekijua, tunamsengenya mbele ya macho yake, kwa sauti ya kawaida kabisa, huku tunatabasamu na kumsogezea tende. Watu wa Sur tunawahesabu Waarabu watupu. Kwa hiyo siku ile nilipokuwa namimina kahawa, Shangazi Zuwena, dada yake Baba, alisema masikio ya bwana huyu yanatosha kuanikia nguo za nyumba nzima. Kisha akaniuliza namwonaje. Nikamjibu, finjani mkononi, meno yote nje: "Yeye au mwengine, kwangu sawa tu. N'nachotaka ni kupumzika na maswali ya watu."

Saif alipokea finjani yake akasema shukran.

Basi leo alasiri wamerudi. Kabla hatujapeleka jibu, baba yake alimpigia Baba simu kwamba kijana anaomba kuja mara nyingine. Nilidhani wana sharti wamelisahau. Kumbe alikuja na kisanduku kidogo, pembe zake zimechakaa, na ndani yake karata. Akaeleza kwa Kiarabu kwamba ni mchezo uliotolewa katika hadithi moja ndefu ya kubuni, ya zamani, yenye falme, mazimwi na safari isiyokwisha. Mgeni mmoja aliwaachia kazini. Yeye na wenzake huucheza wakisubiri kasa, kwa kuwa kasa hataki makelele na mchezo huu nao hautaki.

Najua zipo nyumba mtaani kwetu zisizoweza kukubali mposaji acheze karata na mposwa kabla ndoa haijafungwa. Baba mwenyewe alisita. Lakini Bibi, mama yake Baba, alikuwa keshasikia neno karata. Bibi alikuwa bingwa wa mchezo wa wahedi wa sitini tangu usichana wake Mkunazini, Unguja, na hapa Ibra amekosa wa kucheza naye. Akasogea kwenye zulia kabla hajaombwa. Ikawa Bibi, Shangazi, Saif na mimi. Baba na baba yake Saif wakabaki upande wa pili wa sebule, wakizungumza habari za mvua ya Mudhaibi.

Mchezo wenyewe ulinishangaza. Katika karata zetu watu ni wawili wawili, nakufunga unanifunga. Hapa wote wanne ni kundi moja. Kila mtu anapewa mhusika wa hadithi na sharti lake: mmoja lazima ale karata yenye taa, mwengine ale mara moja tu na asizidishe, mwengine asile kabisa. Wote wanne wakitimiza, wote wameshinda. Akikosa mmoja, safari imevunjika kwa wote. Aina za karata ni milima, miti, mito na nyota. Ukianzishiwa mlima na unao, lazima utoe mlima. Kama huna, unatupa utakacho. Karata kubwa ya aina iliyoanza ndiyo inayokula zote nne.

Na hairuhusiwi kusema una nini mkononi. Si kwa neno, si kwa jicho, si kwa kukohoa. Lazima umtazame mwenzako anavyocheza, ukisie ana shida gani, umsaidie bila kuambiwa.

Mara ya kwanza Bibi alipewa mhusika asiyekula. Akala karata za kwanza kabisa, kwa kishindo, akazivuta kwake. Bibi hajawahi kushika karata kubwa akaiacha ilale. Saif akamweleza upya, pole pole. Mara ya pili aliyeharibu ni mimi. Sharti la kuila taa lilikuwa langu, na taa yenyewe ninayo, nikakaa nayo mkononi nikiionea uchoyo mpaka ikaliwa na Shangazi, ambaye hakuwa anaihitaji wala hakujua kwamba kaila.

Hapo ndipo nilipoanza kumtazama huyu mtu.

Nilipokosea hakunifundisha. Mimi nimezoea wanaume wa kunifundisha, hata dozi za dawa wananifundisha mimi niliyezisomea. Yeye alikusanya karata, akazichanga, akagawa tena. Bibi alipovuruga hakushusha pumzi wala hakumwangalia baba yake. Tena nikagundua kwamba mara ya pili alijaribu kunifungulia njia niile taa, alikula pale ambapo kula kulimtia yeye hasarani, na mimi sikuona mpaka mchezo umekwisha. Nikajiuliza, huyu kaona vipi kwamba taa iko kwangu? Nilitoa ishara gani? Nikataka tucheze tena ili nimvizie. Ni muda mrefu sijataka kitu cha namna hiyo.

Mara ya tatu Bibi akapata tena mhusika asiyekula. Safari hii alijitahidi, jamani. Aliuma midomo, akatupa ndogo, akatupa ndogo nyengine. Zikabaki karata chache. Zamu ya kuanza ikawa ya Saif. Akachagua mlima, akautoa mkononi, tukaiona picha yake, na alikuwa karibu kuuweka chini.

Bibi akajisemea kwa Kiswahili, kama anayeliambia shali lake: "Ole wake atakayeanza na mlima. Mie n'nao mmoja tu, na ndio mkubwa wa milima yote."

Mkono wa Saif ukasimama hewani.

Akaurudisha mlima mkononi. Akaweka mti.

Bibi hakuwa na mti, kwa hiyo akautupa ule mlima wake mkubwa na haukula kitu. Akapona. Mimi nilikuwa nimeshatoa karata yangu na Shangazi ametoa yake kabla hatujaelewa kilichotokea. Kisha tukaelewa, mmoja mmoja. Shangazi alielewa wa mwisho, na yeye ndiye aliyekuwa na mengi ya kuelewa. Alivuta mtandio ukafika machoni.

"Kumbe yuasikia," alisema Bibi.

Saif akaweka karata zake chini kifudifudi. Siku zote mbili alikuwa akimwamkia Bibi kwa Kiarabu, kama mgeni yeyote. Sasa akainamisha kichwa. "Shikamoo, Bibi."

 Bibi akasema marahaba, na sauti yake haikuwa ile ya kila siku. Akamuuliza yeye ni wa nani. Tukapata habari kwamba bibi yake, mama wa mama yake, alikuwa mtu wa Wete, Pemba, na ndiye aliyemlea, kwa kuwa mama yake alisomesha skuli ya mbali na kurudi nyumbani mwisho wa wiki tu. Bibi yule alikuwa hasemi naye ila Kiswahili. Alipofariki hakukuwa tena na mtu wa kusema naye. Baba yake anajua "njoo" na "kula", basi. Kiswahili cha Saif ni cha kizee kabisa. Anazungumza kama ajuza wa Pemba mwenye ndevu.

Halafu, na hapa nilitaka kucheka na kulia pamoja, akasema mchezo ule hauhesabiki, kwa sababu Bibi kasema na yeye kasikia. Bibi akamwambia unahesabika sana.

Mimi nilikuwa siwasikilizi tena. Nilikuwa nahesabu maneno yangu ya wiki iliyopita. Maneno ya masikio ya kuanikia nguo yalikuwa ya Shangazi, atajua mwenyewe la kufanya. Lakini yale mengine yalikuwa yangu. Nikamuuliza, kwa Kiswahili, mbele ya wote, maana ningesubiri nisingethubutu.

"Siku ile ulinisikia?"

"Nilikusikia."

"Na umerudi?"

Alikuwa anazipanga karata zirudi kisandukuni. Hakuniangalia. "Ulisema yeye au mwengine," alisema. "Nimerudi n'jaribu kuwa yeye."

Niliinuka nikaenda jikoni.

Sikwenda kulia. Nilikwenda kukasirika. Nilisimama mbele ya birika nikajisemea kwamba mtu mwenye haya angesema mapema, angekohoa, angetoa shikamoo mlangoni. Amekaa pale ananisikiliza nikijiuza bei ya kutupa, na uso wake mkavu. Huo si uongo? Na nikimwoa mtu wa namna hiyo (naam, nimekosea, nikiolewa naye, hasira haina sarufi) nitajuaje siku anaponisikia na siku ambayo hanisikii?

Maji yakachemka. Nikakumbuka kazini kwangu.

Beji yangu ina jina la kabila la Kiarabu na sura yangu haisemi Unguja, kwa hiyo wateja wa kwetu huja wakanisema kwa Kiswahili mbele yangu. Majuzi tu mama mmoja alimwambia binti yake kwamba mwenye dawa huyu kanuna kama kavunjiwa chungu. Sikusema kitu. Nilikuwa na sekunde moja ya kusema, ikapita, na baada ya hapo kusema kungekuwa kumuaibisha mama wa watu. Nikamweleza dawa zake kwa Kiarabu mpaka mwisho, nikamtakia afya. Najua vizuri mlango ule unavyojifunga. Nilipoweka vikombe kwenye sinia nikakumbuka kwamba siku ile ya kwanza hatukumpa hata hiyo sekunde moja. Shangazi alianza na masikio kabla mtu hajakaa vizuri.

Na tena leo angeweza kubaki salama. Angeweka tu ule mlima chini. Bibi angekula, tungeshindwa, na mimi nisingejua kitu maisha yangu yote. Sijui kama aliamua au mkono ulimponyoka. Nataka kujua. Ndilo la kwanza ninalotaka kujua.

Niliporudi na chai, Bibi alikuwa ameshawapangia Saif na Shangazi wahedi wa sitini, karata za kawaida, na alikuwa anawaibia waziwazi. Baba yake Saif akauliza kutoka upande wa pili ni nani aliyeshinda.  Nikampa Saif kikombe chake. Nikasema "karibu chai," na yeye akasema "ahsante," na Shangazi akatazama dari.

Wameondoka kabla ya Maghrib, kazi ya Saif inaanza usiku na njia ni ndefu. Shangazi naye kaenda kwake na kusema hatarudi nyumba hii mpaka mgeni huyu azeeke.

Tulipomaliza kusali Baba aliniita. Alitaka jibu, kwa upole, kama anavyotaka kila kitu. Wiki nzima nilikuwa nimeliweka ulimini, neno moja tu. Nikafungua mdomo nikamwambia sina jibu.

 Nadhani aliogopa kwamba nakataa wa tatu. Nikamwambia sikatai, nataka aje tena. Akauliza nani aje, baba yake Saif, ili wazungumze mahari?

"Yeye," nikasema.

Nimeingia chumbani kuandika haya. Wiki iliyopita nilikuwa naolewa na sikuwa na woga wowote, na sasa hata ndiyo sijasema, naogopa kila kitu: kwamba nitamchosha, kwamba kule Ras al Jinz ataingiwa na fikra nyengine, kwamba siku atakayokuja nitakuwa sina la kusema. Mtu keshasikia neno langu baya kuliko yote, tena ndilo la kwanza. Sasa la pili nimwambie nini?