Ruhusa ya Kuvuka Ziwa

Jumatatu, 11 Julai 1960

Asubuhi nimemkanda mzazi wa Gongoni. Mtoto wa kiume, mama mzima. Kurudi, redio ya jirani: Kongo askari wameasi. Serikali inasema watu wasivuke ziwa. Atakayevuka, shauri yake. Binti yangu Mwajuma yuko huko ng'ambo, Kongo, kwa mumewe. Mimba ya kwanza, mwezi wake ndio huu. Nilishamwahidi kwenda.

Alhamisi, 14 Julai

Treni kutoka Kigoma imeleta Wabelgiji waliokimbia Kongo. Wanawake wamekaa chini stesheni, wengine peku. Mmoja ana kichanga, hajui hata amshike vipi. Jirani yangu Bi Tatu akaniambia, "Shoga, wenye bunduki wanakimbia, wewe unakwenda na nini?" Nakwenda na chupa ya mafuta ya nyonyo. Naogopa sana.

Jumamosi, 16 Julai

Tangazo la kukataza kuvuka ziwa limebandikwa sokoni. Nimelisoma nikafurahi. Ndiyo, nimefurahi. Serikali imeshasema, nisipokwenda nani atanilaumu? Furaha yenyewe haikufika nyumbani. Nimekanda binti za watu mji mzima. Wangu nani atamchemshia maji?

Jumapili, 17 Julai

Nimemwomba Baba Mwajuma ruhusa. Niseme kweli, humu hasomi mtu: nilitaka anikataze. Mke hasafiri bila idhini ya mumewe. Mambo yangekwisha, lawama kwake. Mzee huyu hunikatalia hata kwenda ngomani! Leo kavaa kofia yake, kasema, "Nenda, Mama Mwajuma. Mimi sijui kumkanda."

Nimemchukia. Nimelia jikoni mpaka ugali ukaungua.

Jumanne, 19 Julai

Ndani ya treni. Behewa karibu tupu. Kila stesheni nawaza kushuka. Uvinza nilisimama kabisa, mzigo kichwani. Nikakaa tena.

Jumatano, 20 Julai. Kigoma

Karani wa bandari amenisomea tangazo lote, neno kwa neno. Nilimsikiliza kwa matumaini. Akamaliza, akauliza kama bado naenda. Nikasema mwanangu anajifungua. Akanikatia tiketi.

Boti imeshusha watu wengi, inarudi karibu tupu. Nimekaa jirani na injini, kuna joto. Mikono inanitetemeka. Nimeifungia ndani ya kanga, naikandakanda yenyewe kwa yenyewe. Mwajuma asije akaiona hivi.